Simama Pale Mtoto Anapoamua

Hotuba kwa wazazi na walezi, Kapchorwa, Uganda, siku moja kabla ya mashindano ya riadha ya shule

Wazee wetu, shikamooni. Wazazi, walezi, shangazi na wajomba mlioacha kahawa shambani asubuhi hii mkaja kutusikiliza, hamjambo.

Kesho wengi wenu mtamwona mtoto wenu akishindana kwa mara ya kwanza. Machozi yakiwatoka, msione haya. Mtihani wa P.7, wa kumaliza darasa la saba, mtoto anaufanya ndani ya chumba, mlango umefungwa, na matokeo yanafika baadaye yakiwa alama kwenye karatasi. Mbio hazina mlango. Kila anachokiamua mtoto kinaonekana papo hapo mwilini mwake: anapoogopa, anapojikaza, anapotaka kuacha na haachi. Nawe mzazi umesimama kando ya kamba, huwezi kumpigia hata hatua moja. Ulimbeba, ulimshika mkono, na leo yuko peke yake mbele za watu. Hapo ndipo koo linapokaba, na ni haki likabe.

Sisi tunaofundisha riadha tunaipenda hiyo fahari. Tunachoomba ni kwamba mjue mnachokitazama, kwa sababu mzazi asiyejua huwa anatazama utepe tu. Akiona mtoto wa jirani ameukata kwanza, uso wake unaanguka, na mtoto wake anauona uso huo kabla hajapata hata pumzi. Mambo makubwa ya mbio hutokea mbali na utepe. Basi leo tutawaonyesha ni wapi.

Tuanze na usiku wa leo, maana kesho asubuhi mtakuwa mmechelewa. Mtoto ale chakula alichokizoea: posho (ugali) na maharagwe, au matoke, au viazi, ashibe, alale mapema. Asubuhi anywe uji, ale ndizi mbivu au kipande cha kiazi kitamu, saa mbili au tatu kabla ya mbio zake. Chapati yenye mafuta mengi iacheni mpaka jioni. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na mtoto akikimbia na tumbo zito hupata kichomi chini ya mbavu au hutapika. Soda nayo isubiri. Maji anywe kidogo kidogo tangu asubuhi; kikombe kizima dakika tano kabla ya filimbi kitamchezea tumboni. Kichomi kikimshika katikati ya mbio, afanye alivyofundishwa: apunguze mwendo kidogo, atoe pumzi ndefu, abonyeze pale panapouma. Mara nyingi kinapita. Msimwite atoke.

Miguu iangalieni kwa taa leo jioni. Kucha ndefu zikatwe, na kama kuna funza atolewe kwa pini safi na kidonda kioshwe, maana mtoto mwenye funza anakimbia akikwepa maumivu, na akikwepa huku anaumia kule. Wengi wa watoto wetu watakimbia pekupeku, na hilo si aibu. Nyayo zao zimezoea na nyasi za uwanja ni nzuri. Tumeokota miiba na vioo, na kesho alfajiri tutapita tena. Ila tafadhali, msimnunulie mtoto raba leo sokoni ili kesho apendeze. Kiatu kipya ambacho mguu haujakizoea kinachubua kisigino kabla ya mita 400 kuisha. Ukitaka kumnunulia kwa ajili ya msimu ujao, mpime akiwa amesimama, mwisho wa siku mguu ukiwa umetanuka, na ubaki upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kumnunulia kikubwa ili akikulie, kama tunavyofanya na sare ya shule, ni kumtafutia malengelenge.

Kuna watoto ambao kesho hawatakimbia, na hapa tunasema kwa mkazo. Mwenye homa asikimbie, hata kama amelilia nafasi hiyo wiki tatu. Aliyetoka kuugua malaria asubiri nguvu zirudi na mhudumu wa afya aseme ndiyo. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, aiache kwa mwalimu pale penye kivuli, isibaki kwenye mfuko nyumbani. Mwenye selimundu atuambieni waziwazi, maana kukimbia kwa nguvu zote, kukosa maji na baridi ya huku kwetu mlimani vinaweza kumletea maumivu makali. Kazi ya kumpa ipo, na atakuwa sehemu ya timu. Na mtoto wa miaka tisa hadi kumi na minne anayelalamika kisigino, au mfupa ulio chini ya goti, msimwambie ni uvivu. Umri huo mifupa inarefuka na misuli inavuta pale inaposhikana na mfupa. Akichechemea, apumzike. Kupumzika kwake wiki mbili ni nafuu kuliko kumpoteza msimu mzima.

Sasa uwanjani. Mtaona mistari ya majivu. Uwanja rasmi wa mbio una mita 400 kwa mzunguko. Wetu ni mfupi, kwa hiyo mbio za mita 800 zitazidi mizunguko miwili, na tumepima kwa futi kamba mahali pa kuanzia. Mzazi asije kubishana na mwalimu kwamba mwanawe ameanza nyuma ya wenzake. Mbio zikipita kwenye kona na kila mtu akiwa kwenye njia yake, njia ya nje ni ndefu zaidi, ndiyo maana wa nje anasogezwa mbele. Anayeonekana yuko nyuma, yule wa njia ya kwanza, ana umbali uleule, ila kona yake ni kali zaidi. Na kama mtoto wako amepewa njia ya kwanza ukaanza kunung'unika, kumbuka kwamba John Akii-Bua alikimbia njia ya kwanza kule Munich mwaka 1972 katika mbio za mita 400 za viunzi, akashinda kwa sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi ya dunia, na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda.

Kabla ya kuanza, watoto watapasha misuli moto kama dakika kumi: kukimbia polepole, kuzungusha nyonga, kurusha miguu, halafu mikimbio mitatu au minne ya mita 50. Wakati huo msiwaite kuwapa mandazi wala kuwapiga picha. Mtoto anayeitwa na shangazi watatu kabla ya mbio anafika mstarini akiwa amepoa, na msuli uliopoa huchelewa kujibu. Mbio fupi zina amri mbili kisha filimbi. Kuanzia mita 800 kwenda juu ni amri moja tu kisha filimbi. Atakayetoka kabla ya filimbi, sisi tutamrudisha na kumwonya, kwa kuwa ni watoto. Kwenye mashindano ya dunia, tangu mwaka 2010, anayekosea mara moja anatolewa. Tunaomba ukimya wakati huo. Kelele za wazazi ndizo zinazowatoa wengi mstarini mapema, kisha mzazi huyohuyo anamgombeza mtoto kwa kukosea.

Mita 100 hatuna mengi ya kuwaambia. Zinaisha kabla hujameza mate. Jambo moja tu: mtoto akimbie mpaka apite mstari. Wengi hutazama kando mita tano kabla ya mwisho, kumtafuta mama, na hapo mwenzake anampita. Kwa hiyo mama asisimame pembeni ya mstari wa mwisho akipunga leso. Na nyuma ya utepe asisimame mtu yeyote, tunahitaji mita 20 wazi za watoto kupunguza mwendo. Mtoto anayesimama ghafla mbele ya ukuta wa watu huanguka.

Mbio zenye somo kubwa ni mita 800 na 1500. Kila mwaka watoto wa vijiji hivi, wenye mapafu yaliyokuzwa mlimani, hutoka kama mishale, wazazi wanashangilia, na katika mzunguko wa pili miguu inakuwa mizito kama imefungwa magogo. Nguvu ya kukimbia kasi kabisa inakaa mwilini kwa sekunde chache tu, kama kumi hivi. Baada ya hapo mwili unazidi kutegemea hewa, na hapa Kapchorwa, takriban mita 1,900 juu ya bahari, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pumzi ya mtu wa Mombasa. Aliyezila akiba zake kwenye mita 150 za kwanza analipa kwenye mita 500. Mtoto anayemaliza mita 400 kwa sekunde 80 akitumia nguvu zake zote, zile mita 400 za kwanza za mbio za 800 zinamfaa akizichukua kwa sekunde 88 hadi 90. Kwa macho ya mzazi, hapo anaonekana mzembe. Yuko wa saba, watu wanapiga kelele, na moyo wa baba unataka kumfokea: "Ongeza!" Usimfokee. Mtoto anayekubali kuwa wa saba kwa makusudi, huku uwanja mzima ukimwangalia, anafanya jambo gumu kuliko kukimbia kasi. Amefikiri. Hapo ndipo pa kuonea fahari, na karibu hakuna mzazi anayepaona.

Mtu mzima naye hukosea hesabu hiyo. Mwezi Machi mwaka 2017 mbio za nyika za dunia zilifanyika Kampala, pale Kololo. Joshua Cheptegei, mtoto wa Kapchorwa hii, aliongoza mbele ya watu wake, akaingia mzunguko wa mwisho akiwa amewaacha wenzake, halafu mwili ukakataa. Akapitwa na mmoja, na wa pili, na wengine, mpaka akamaliza wa 30. Wengi walioona siku ile wanakumbuka jinsi alivyokuwa akiyumba. Sisi tunawataka mkumbuke kwamba alifika mwisho. Mwezi Agosti mwaka huohuo alipata fedha ya mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia London. Mwaka 2019 alizishinda mbio za nyika za dunia kule Aarhus, Denmark. Mwaka 2020 alivunja rekodi mbili za dunia, mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, na mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11. Kisha dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 Tokyo, na ya mita 10,000 Paris mwaka 2024. Mtoto wako akiishiwa nguvu kesho ukajisikia kuona aibu, kumbuka nafasi ile ya 30.

Stephen Kiprotich alifanya kinyume chake mwaka 2012 London. Alivumilia nyuma ya Wakenya wawili, akangoja, na zilipobaki kama kilomita tano akawapita wote wawili. Marathoni nzima alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na Uganda ikapata dhahabu ya Olimpiki baada ya miaka 40.

Basi tuwaambie mahali pa kusimama. Katika mita 800, mwili huanza kumwambia mtoto "acha" kati ya mita 500 na 600. Kwenye uwanja wetu ni upande wa mbali, karibu na ile miti ya mikaratusi, mahali ambapo kamwe hakuna mtu kwa sababu wote wamebanana kwenye utepe. Mzazi mmoja kwa kila mtoto aende huko. Simama nje ya mstari, usivuke, wala usikimbie sambamba naye, maana kumwongoza mwendo ni kumsaidia na anaweza kutolewa. Akikaribia mwite kwa jina lake la nyumbani, neno hilo moja, kwa sauti anayoijua. Maelekezo marefu hayasikiki. Mtoto aliyechoka hasikii sentensi. Anasikia jina. Utaona mabega yakishuka na mikono ikirudi kwenye mwendo wake. Pale anakuwa ameamua kuendelea, na umeliona kwa macho yako.

Kuhusu kupokezana vijiti, mtusikilize vizuri, kwa sababu hapo ndipo watoto wanapoumizwa kwa maneno. Kijiti kina urefu wa sentimita 28 hadi 30, na kwenye mita 100 mara nne kila mapokezi lazima yafanyike ndani ya eneo la mita 30. Mpokeaji ameweka alama ya majivu nyuma yake, nyayo 15 mpaka 20 kwa watoto wa umri huu. Mwenzake akikanyaga alama, yeye anatoka mbio bila kugeuka. Anayeleta anaita "Shika!", na hapo tu mkono wa mpokeaji unakwenda nyuma, kiganja wazi, hauchezi. Wa kwanza anabeba kwa mkono wa kulia, wa pili anapokea kwa kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto, hivyo hakuna anayehamisha kijiti mkononi. Kinaanguka kwa sababu mpokeaji alitoka mapema kwa woga, au alinyoosha mkono kabla hajaitwa ukawa unayumba, au mletaji amechoka na mita za mwisho ananyoosha kijiti mbali badala ya kusogea. Angalieni: kila sababu ina watoto wawili ndani yake. Ndiyo maana mzazi akipaza sauti "Huyu ndiye aliyekiangusha!" anasema uongo bila kujua. Kikianguka, aliyekiangusha anaruhusiwa kukiokota na kuendelea, mradi asimzuie mwingine. Mtoto anayerudi kuokota kijiti huku timu tatu zikimpita, akakimbia mpaka mwisho, mpigieni vigelegele kuliko mshindi.

Baada ya utepe kuna dakika tano ambazo hatutaki mziharibu. Mtoto asilale chini hapohapo na asikalishwe; atembee, dakika tano hata kumi, ili damu iliyo miguuni irudi na asizimie. Atatutazama usoni. Vaeni uso mmoja kwa mshindi na kwa wa mwisho, na muwe mmeshaufanyia mazoezi. Mvalishe sweta, kwa kuwa upepo wa mlima unakausha jasho haraka, mpe maji kidogo, mshike bega. Usimuulize amekuwa wa ngapi, anajua, nawe unajua. Kama lazima useme neno, sema ulichokiona: "Nimekuona pale kwenye miti." Mtoto atajua ulikuwa unamtazama yeye, wala hukuwa unahesabu waliomtangulia. Maswali ya makosa, kona, mwendo, hayo ni yetu walimu, na hata sisi tunayaacha mpaka siku inayofuata.

Wenye mabinti tuna neno nanyi. Wengi huacha kukimbia wanapovunja ungo, na mara nyingi miguu yao haina kasoro yoyote. Wanakosa kaptura ya kuvaa chini ya sketi, sidiria inayobana vizuri, na taulo za kike. Mwekeeni kwenye begi leo, msingoje aseme. Peruth Chemutai, binti wa eneo letu hili la Sebei, kutoka Bukwo, alipata dhahabu ya Olimpiki Tokyo katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mwanamke wa kwanza wa Uganda kushinda dhahabu ya Olimpiki. Viunzi 28 na maji mara saba. Dorcus Inzikuru alikuwa amefungua njia hiyohiyo mwaka 2005, alipokuwa bingwa wa dunia kule Helsinki. Na kocha yeyote, hata mmoja wetu hapa, akitaka kumchukua binti au kijana wako peke yake kumpeleka mashindano ya mbali, uliza ni nani mwingine anayekwenda, watalala wapi, watarudi lini. Kocha mwaminifu hakasiriki akiulizwa.

Kuhusu umri, tutasema kwa ufupi kwa kuwa mnajua tunachosema. Msimpunguzie mtoto miaka ili ashinde wadogo. Medali hiyo anaipokea akijua ni ya wizi, na akifika kwenye umri wa kweli anakutana na wenzake ambao hajawahi kuwazoea.

Simu. Amueni leo nani atapiga picha, mmoja kwa familia, ajipange jua likiwa mgongoni kwake. Wengine wote tazameni kwa macho. Anayetazama kupitia kioo kidogo hukosa ule uso wa pale kwenye miti. Na picha za watoto wa wenzenu msizitume kwenye makundi bila kuwauliza.

Mbio za kwanza ni saa tatu asubuhi, za P.3 na P.4, mita 60 na 100. Mita 800 ni saa tano, kabla jua halijawaka sana. Vijiti ni vya mwisho. Njooni na kofia, maji na sweta, na kama mnakuja na boda msipakie watoto watatu nyuma.

Sasa simameni twende pamoja uwanjani. Mwalimu wa mbio ndefu atawaonyesha alama ya mita 500, tumechomeka kijiti chenye kitambaa chekundu, na kila mzazi wa mtoto wa mita 800 ajichagulie mahali pake kabla hajaondoka.